Maji yaliyovimbiwa hewa: kisa cha vifo vya vifaranga vya sato katika kituo cha nyanda za juu

Kisa hiki kinahusu kituo kidogo cha kutotolesha vifaranga vya sato katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Jina la kituo, wilaya, tarehe na majina ya wahusika yameondolewa. Kilichobaki ni mpangilio wa mabomba, vipimo, maamuzi na matokeo yake. Ndani ya siku 12 kituo kilipoteza vifaranga wapatao 12,000 kati ya 48,000. Maji hayakuwa na sumu wala vimelea. Vifaranga waliuawa na hewa ya kawaida, hii hii tunayovuta, iliyoyeyuka majini kupita kiasi ambacho maji yanaweza kuishika.

Mazingira ya kituo

Kituo kiko mita 1,650 juu ya usawa wa bahari. Pwani mgandamizo wa hewa ni kama hektopaskali 1,013, lakini hapa ni kama 830. Chanzo cha maji ni chemchemi iliyojengewa chemba ya zege, na maji yake yana nyuzi 21 mwaka mzima. Sato hakui vizuri kwenye baridi hiyo, na vifaranga wachanga wanahitaji nyuzi 27 hadi 30, kwa hiyo maji hupashwa moto kwa koili ya chuma kisichoshika kutu iliyozungushwa ndani ya jiko la kuni.

Pampu ya umeme imewekwa juu ya ardhi na huvuta maji kutoka chemba iliyo mita 3.5 chini yake. Husukuma lita 60 kwa dakika hadi kituoni, mwinuko wa mita 14. Matangi ya kulelea ni 12, kila moja lita 300 na kina cha maji sentimita 40. Yamepangwa safu 3 za matangi 4, na maji hupita kwa mfululizo: yanaingia tangi la kwanza, yanamwagikia la pili, la tatu, kisha la nne. Mpangilio huu ukumbukwe, kwa sababu ndio uliotoa jibu.

Kwa miaka mitatu mfumo ulikuwa wa wazi. Pampu ilijaza simtanki la lita 5,000 lililo juu ya mnara, maji yakianguka kutoka juu na kukaa humo zaidi ya saa moja. Kutoka hapo yalishuka kwenye koili, yakatokea kwenye pipa lililokatwa juu, yakapita katika bati lenye matundu na kuanguka sentimita 60 kabla ya kuelekea kwenye matangi. Hakuna aliyeliweka bati lile kwa ajili ya gesi. Liliwekwa kuzuia majani na mchanga.

Mabadiliko yaliyofanywa

Kuni zilikuwa zimepanda bei, na pipa la wazi lilipoteza nyuzi 1.5 hadi 2 za joto kila usiku. Uongozi ukaamua kuufunga mfumo. Bomba likatolewa moja kwa moja kutoka kwenye pampu hadi kwenye koili, na kutoka kwenye koili hadi kwenye valvu za matangi. Simtanki na pipa vikaachwa pembeni. Uamuzi ulikuwa na mantiki yake, kwani kuni zilipungua kuanzia usiku wa kwanza na joto likatulia kwenye nyuzi 28 bila kupanda na kushuka.

Matangi yalihitaji lita 60 kwa dakika tu na presha ya pampu ilikuwa kubwa kuliko haja, kwa hiyo valvu za mwisho zilifunguliwa nusu. Matokeo yake, maji yalibanwa njia nzima, koili ikiwemo, hadi yalipotoka valvuni. Ndani ya bomba mgandamizo ulikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa hewa ya nje.

Kanuni inayotawala kisa hiki

Mkemia Mwingereza William Henry alieleza mwaka 1803 kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kimiminika hulingana na mgandamizo wa gesi hiyo juu ya kimiminika. Mgandamizo ukiongezeka mara mbili, kiasi kinachoweza kuyeyuka huongezeka mara mbili. Joto hufanya kinyume, yaani maji yakipata moto uwezo wake wa kushika gesi hupungua. Kila jikoni jambo hili huonekana. Sufuria ya maji ya chai huanza kuota vipovu vidogo kwenye kuta muda mrefu kabla ya kuchemka. Vipovu vile si mvuke, ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini na sasa haina pa kukaa. Soda nayo ni hivyo hivyo. Ikifunguliwa ya baridi hutoa sauti tu, ikifunguliwa iliyokaa juani humwagika povu.

Maji yanayogusana na hewa hufika mahali yakashiba, yakawa hayaongezi wala hayapunguzi gesi. Pwani, kwa nyuzi 28, shibe ya oksijeni katika maji baridi yasiyo na chumvi ni miligramu 7.8 kwa lita. Mita 1,650 juu, kwa joto hilo hilo, shibe ni kama 6.4 tu. Kwa nyuzi 21 mahali hapo hapo ni kama 7.3.

Sasa tuyachukue maji yaliyoshiba kwa nyuzi 21, tuyapashe moto hadi 28 ndani ya bomba lililobanwa. Gesi haiwezi kutoka. Yakifika nje yamebeba gesi ya maji ya nyuzi 21 katika mwili wa maji ya nyuzi 28, ziada ya asilimia 12 hadi 14. Yamevimbiwa. Gesi itatafuta njia ya kutoka popote itakapopata uso wa kushikia, na damu ya kifaranga ni moja ya njia hizo. Maji yanapita kwenye matamvua, gesi inaingia kwenye damu kwa kiwango kile kile cha majini, kisha inageuka vipovu ndani ya mishipa. Ni ugonjwa ule ule wa mzamiaji anayepanda juu haraka kutoka kina kirefu, ila samaki huyu hajazama popote.

Mfululizo wa matukio

Siku ya 1 mfumo mpya uliwashwa. Maji yaliyotoka valvuni yalikuwa meupe kama yametiwa maziwa kwa sekunde chache, kisha yakawa safi. Wahudumu waliliona hilo kama dalili njema, kwamba maji yana hewa ya kutosha.

Siku ya 2 walikufa vifaranga 210. Kawaida ya kituo ilikuwa 120 hadi 150 kwa siku, hivyo hakuna aliyeshtuka. Siku ya 3 walikufa 640. Wengine walielea karibu na uso wa maji vichwa vikiwa juu, wakijaribu kuzama na kurudishwa juu kama maboya. Dhana ya kwanza ikawa vimelea vya ngozi, kwa kuwa vifaranga walijisugua kwenye kuta. Chakula kikapunguzwa nusu, na matangi yote yakatiwa chumvi gramu 3 kwa lita kwa dakika 30. Ni tiba ya kawaida na isiyo na madhara makubwa, lakini kwa tatizo hili haikuwa na kazi.

Siku ya 4 walikufa 1,150. Maamuzi mawili yalifanyika siku hiyo. La kwanza, vifaranga 20 waliokufa walitiwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia mizoga isioze, na kupelekwa maabara. La pili lilitokana na kipimo cha oksijeni. Mita ilisoma miligramu 5.2 kwa lita. Jedwali lililobandikwa ukutani, la usawa wa bahari, lilisema shibe kwa nyuzi 28 ni 7.8. Kwa hesabu hiyo oksijeni ilikuwa kama asilimia 67 tu ya shibe, na ikahitimishwa kwamba vifaranga wanakosa hewa. Fundi akatoboa bomba upande wa kuvuta wa pampu, akachomeka mpira mwembamba wa milimita 6 wenye koki ndogo, ili pampu ijivutie hewa na kuichanganya na maji.

Siku ya 5 asubuhi mita ilisoma 5.7. Watu walifurahi. Hadi jioni walikuwa wamekufa vifaranga 4,900.

Siku ya 6 alfajiri mhudumu mmoja alikuwa akiokota mizoga kwenye tangi la kwanza la safu ya kati. Alipotulia na mkono ndani ya maji aliona vinyweleo vyake vimevaa vipovu vidogo vidogo, kila unywele na kipovu chake, kama majani yenye umande. Akavifuta, vikarudi ndani ya dakika. Akaenda tangi la nne la safu hiyo hiyo, akazamisha mkono, havikutokea. Akamwita fundi: “Fundi, shikamoo. Hebu njoo uone mkono wangu.”

Uchunguzi huo mdogo ulifungua kila kitu. Wakahesabu upya vifo kwa kila tangi, si kwa jumla. Katika kila safu tangi la kwanza ndilo lililokuwa na vifo vingi zaidi, la pili likifuata, na la nne lilikuwa karibu na hali ya kawaida. Kama tatizo lingekuwa upungufu wa oksijeni, ingekuwa kinyume. Maji hupoteza oksijeni kadiri yanavyopita kwa samaki wengi, na tangi la mwisho ndilo hupata mabaki, hivyo ndilo lingeumia kwanza. Vimelea navyo havichagui tangi kwa umbali wake kutoka valvuni. Kitu pekee kinachopungua kadiri maji yanavyomwagika kutoka tangi hadi tangi ni ziada ya gesi.

Kuthibitisha kwa ndoo

Mpira wa hewa ulichomolewa na tundu likazibwa saa moja asubuhi ya siku hiyo hiyo ya 6. Moto ulipunguzwa hadi maji yakashuka kwenye nyuzi 25. Kisha ukafanyika mtihani ulio rahisi na wenye nguvu kuliko kifaa chochote kilichokuwepo kituoni.

Ndoo ya plastiki ya lita 20 ilitobolewa matundu 60 ya milimita 4 chini yake, ikaning'inizwa sentimita 50 juu ya tangi la kwanza la safu ya kwanza. Maji ya valvu yakaelekezwa ndani ya ndoo na kuanguka kama mvua. Tangi la kwanza la safu ya pili likaachwa kama lilivyokuwa, maji yakiingia kwa bomba lililozama. Matangi yote mawili yaliokotwa mizoga kabla ya kuanza. Baada ya saa 18, tangi la ndoo lilikuwa na vifo 11. Tangi la bomba lilikuwa na vifo 163.

Wakati mtihani unaendelea, vifaranga walio hai lakini dhaifu walitazamwa kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Kwenye mapezi ya mkia, katikati ya miali, kulikuwa na vipovu vilivyopangana kama shanga. Wawili kati ya kumi walikuwa na jicho moja lililotokeza. Lazima watazamwe samaki walio hai au waliokufa dakika hiyo. Samaki akishakaa amekufa kwa muda, au akitiwa kwenye formalini, vipovu hutoweka na ushahidi huenda navyo. Majibu ya maabara yaliporudi yalisema hakuna vimelea wala dalili ya bakteria. Maabara haikukosea, ila sampuli iliyopelekwa haikuwa na cha kuonyesha.

Siku hiyo ya 6 walikufa 3,100, wengi wao wakiwa tayari wameumia tangu jana yake. Siku ya 7, safu zote 3 zikiwa na ndoo zao, walikufa 900.

Vipimo

Siku ya 8 iliazimwa mita ya kupima jumla ya mgandamizo wa gesi zilizoyeyuka. Kifaa hiki kina utando unaopitisha gesi bila kupitisha maji, na hulinganisha mgandamizo wa gesi zote majini na ule wa hewa ya nje. Moto ulirudishwa hadi nyuzi 28 kwa muda wa kupima tu, na vipimo vikachukuliwa sehemu tatu kabla ya ndoo.

Chemba ya chemchemi: jumla ya gesi asilimia 98 ya mgandamizo wa hewa ya nje. Oksijeni ilikuwa asilimia 70 ya shibe na nitrojeni 105. Hali hii ni ya kawaida kwa maji ya ardhini, yaani oksijeni imeliwa njiani na nitrojeni imebaki.

Baada ya pampu, kabla ya koili: jumla asilimia 102, nitrojeni 110.

Valvuni, baada ya koili: jumla asilimia 114, oksijeni 82, nitrojeni 123.

Marekani, kiwango rasmi cha kulinda samaki wa maji baridi ni jumla isiyozidi asilimia 110, kiwango kilichotokana na miaka ya vifo vya samoni chini ya mabwawa ya mto Columbia. Kwa vifaranga wachanga kwenye maji ya kina kifupi hata hiyo ni nyingi. Watotoleshaji makini hulenga chini ya 103.

Tazama jinsi oksijeni ilivyowapoteza watu. Ilikuwa 5.2, na shibe halisi ya mahali pale ni 6.4, kwa hiyo ni kama asilimia 82 ya shibe, si 67. Sato anaishi na kukua kwenye oksijeni hiyo bila shida. Na wakati oksijeni iko chini ya shibe, nitrojeni ilikuwa imeipita shibe kwa karibu robo. Mita ya oksijeni haisemi lolote kuhusu nitrojeni, na nitrojeni ndiyo karibu asilimia 78 ya hewa.

Ukarabati

Siku ya 9 ulitafutwa mwanya unaoingiza hewa, kwa kuwa nitrojeni ilipanda kutoka 105 hadi 110 kwenye pampu hata baada ya mpira kuondolewa. Kuutafuta mwanya upande wa kuvuta kunahitaji fikra tofauti. Upande wa kusukuma, bomba likipasuka maji yanaruka nje na kila mtu anaona. Upande wa kuvuta, mgandamizo wa ndani ni mdogo kuliko wa nje, hivyo mwanya hautoi hata tone. Unavuta hewa kimyakimya huku bomba likiwa kavu na safi.

Njia iliyotumika ni povu zito la sabuni ya kufulia. Pampu ikiwa inafanya kazi, povu lilipakwa kwenye kila kiungo kuanzia chemba hadi kwenye sili ya pampu. Kwenye viungo vizima lilikaa. Kwenye yunioni moja, yaani kiungo cha bomba kinachofunguka, nusu mita kabla ya pampu, lilitoboka kishimo katikati, kishimo kikazama ndani kama kinanyonywa. Raba ya ndani ya yunioni ilikuwa imekauka na kupasuka. Ilibadilishwa, nyuzi za skrubu zikafungwa upya kwa tepu nyeupe ya mafundi bomba. Lile tundu la mpira wa hewa nalo likaondolewa kabisa kwa kukata kipande cha bomba na kuweka kipya.

Mhudumu wa pampu alieleza kwamba kwa miezi mingi pampu ilikuwa ikihitaji kujazwa maji asubuhi kabla ya kuvuta. Hiyo ndiyo dalili ya mwanya huo. Simtanki lilikuwa likitoa hewa hiyo kila siku bila mtu kujua.

Siku ya 11 na 12 zilijengwa nguzo mbili za kupumulishia maji. Kila moja ni bomba la plastiki la inchi 6 lenye urefu wa mita 1.5, limesimamishwa wima juu ya mfereji wa kugawia maji. Juu kuna sahani ya plastiki yenye matundu ya milimita 6 ya kusambaza maji sawasawa, nayo haigusi ukingo wote, ili hewa iingie na kutoka. Ndani zimejazwa vipande vya bomba la kupitishia nyaya za umeme, la milimita 20, vilivyokatwa sentimita 3 kila kimoja na kumwagwa ovyo bila kupangwa. Chini kuna wavu wa kuvishika. Mwisho wa nguzo uko sentimita 20 juu ya maji ya mfereji na haukuzamishwa. Kila nguzo hupokea lita 30 kwa dakika.

Nguzo zinawekwa baada ya koili. Zikiwekwa kabla, maji yatapumua vizuri yakiwa na nyuzi 21, kisha yapashwe moto ndani ya bomba na kuvimbiwa upya. Hewa inatolewa mwisho kabisa, maji yakiwa na joto lile lile watakaloishi nalo vifaranga.

Matokeo

Vifo vilishuka hadi 420 siku ya 8, kisha 260, 180, 150, na 140 siku ya 12. Baada ya nguzo kuanza kazi, mita ilisoma jumla asilimia 102 mfereji unapoingia kwenye matangi. Nitrojeni ilikuwa 104. Oksijeni ilipanda hadi 6.0, yaani juu kuliko ile iliyopatikana kwa mpira wa hewa, bila madhara. Nguzo hutoa kilichozidi na kuingiza kilichopungua kwa wakati mmoja, kwa sababu kila gesi husogea kuelekea shibe yake. Joto lililopotea kwenye nguzo ni nyuzi 0.7, na zilipofunikwa kwa godoro kuukuu kwa nje bila kuziba juu wala chini, likashuka hadi 0.4. Akiba ya kuni iliyotafutwa tangu mwanzo ikabaki karibu yote.

Uchambuzi

Mazungumzo mengi baada ya kisa yaliilaumu yunioni. Namba hazikubaliani na lawama hiyo. Mwanya uliongeza nitrojeni kwa asilimia 5 tu. Kupasha moto ndani ya bomba lililofungwa kuliiongeza kutoka 110 hadi 123. Hata kama yunioni ingekuwa mpya kabisa, nitrojeni valvuni ingekuwa kama 117, na vifaranga wangeendelea kufa polepole. Kosa la msingi lilikuwa kuondoa sehemu mbili za wazi kwa mkupuo mmoja, bila kuuliza zilikuwa zikifanya kazi gani zaidi ya kupoteza joto.

Mpira wa hewa ndio ulioua wengi kwa siku moja, na inafaa kuona jinsi kiasi kidogo cha hewa kinavyotosha. Kupandisha oksijeni kutoka 5.2 hadi 5.7 katika lita 60 kwa dakika kunahitaji kuyeyusha mililita 130 hivi za hewa kwa dakika. Haifiki nusu chupa ya soda. Lakini hewa haiji na oksijeni peke yake. Kila miligramu moja ya oksijeni inayolazimishwa kuingia kwa njia hiyo huja na zaidi ya miligramu tatu za nitrojeni, na ndani ya bomba lililobanwa zote huyeyuka. Ukipiga hesabu, siku ya 5 nitrojeni valvuni ilikaribia asilimia 138 na jumla ilipita 125. Kwa hiyo kipimo kilichoonekana kuboreka ndicho kilichokuwa kinaficha hali iliyokuwa ikiharibika.

Hewa ikipulizwa kwa jiwe la hewa kwenye tangi la kina cha sentimita 40 haileti tatizo hili, kwa kuwa vipovu hupanda na kutoka chini ya mgandamizo ulio karibu sawa na wa nje. Hatari ni kuiingiza hewa kabla ya pampu, au kuipuliza chini ya kina kirefu.

Kina chenyewe kilichangia. Kila sentimita 10 za maji huongeza kama hektopaskali 10 za mgandamizo. Ziada ya asilimia 14 mahali penye hewa ya 830 ni hektopaskali 116, kwa hiyo samaki angehitaji kukaa kwenye kina cha karibu mita 1.2 ili gesi isigeuke vipovu mwilini mwake. Kwenye matangi ya sentimita 40 hakukuwa na pa kukimbilia.

Chumvi ya siku ya 3 haikuleta madhara ya kuhesabika, ingawa kwa hakika maji yenye chumvi ya kipimo kile hushika gesi pungufu kwa asilimia moja na kitu. Kupunguza chakula hakukuleta tofauti yoyote. Jedwali la ukutani ndilo lililofanya madhara. Limeondolewa, na sasa pale ukutani pana jedwali la mgandamizo wa 830.

Kilichofanikiwa zaidi ni kuhesabu vifo kwa kila tangi na nafasi yake kwenye mkondo. Kazi hiyo ingewezekana siku ya 2. Daftari la vifo lilikuwepo, lakini lilikuwa na safu moja tu ya jumla ya siku. Mtihani wa ndoo nao uliendeshwa vizuri, kwa maji yale yale, vifaranga wa rika moja na tofauti moja tu. Udhaifu wake ni kwamba maji ya ndoo yalikuwa pungufu ya joto kwa nusu nyuzi, tofauti ndogo mno kueleza 11 dhidi ya 163.

Kushusha moto hadi nyuzi 25 siku ya 6 ulikuwa uamuzi sahihi wa dharura, kwani ziada ya gesi ilipungua saa ile ile kabla ya kifaa chochote kupatikana. Gharama yake ni ukuaji wa siku chache, na chupa za kutotoleshea mayai zilichelewa kwa siku moja hivi.

Uangalizi wa kila siku

Kituo hakina mita ya jumla ya gesi, kwa kuwa ile ya kuazima ilirudishwa. Kinachofanyika ni hiki. Saa moja asubuhi na saa nane mchana, moto unapokuwa mkali zaidi, glasi safi hujazwa taratibu maji ya mfereji baada ya nguzo, ikawekwa mezani dakika 5. Kuta zikibaki safi, kazi inaendelea. Vipovu vikijipanga kwenye kuta, nguzo hukaguliwa kwanza, kwa sababu ukungu na masalia hukusanyika kati ya vipande vya plastiki na kuziba njia ya hewa. Kisha yunioni, kisha kimo cha maji kwenye chemba, kwa kuwa kiangazi maji yakishuka karibu na mdomo wa bomba la kuvuta, kimbunga kidogo cha maji huanza kumeza hewa.

Vifaranga waliosalia wakiwa na jicho lililotokeza hawakuuzwa. Walihamishiwa kwenye bwawa la kituo lenye kina cha mita 1.2, na baada ya wiki tatu wengi wao macho yalikuwa yamerudi, ingawa baadhi walibaki na ukungu mweupe kwenye jicho moja.